Imamu Ghazali: Aliyejua asome nini na akome wapi



Ndugu Waislamu, katika nyumba zetu nyingi siku hizi vitabu si haba kama vilivyokuwa zama za wazee wetu. Tafsiri ya Qur'ani Tukufu ipo rafuni, vijitabu vya dua vimejaa kwenye droo, na kijana mwenye simu hubeba mfukoni vitabu ambavyo mwanachuoni wa zamani angelazimika kusafiri miezi kuvitafuta. Kilichokuwa haba ni mpango. Mtu husoma kurasa kumi za tafsiri, akaiacha. Akaingia katika kitabu cha mabishano ya madhehebu, akakiacha. Kisha akadakia historia ya Masahaba kutokea katikati, palipo na fitina. Mwaka ukiisha hajakamilisha hata kitabu kimoja, lakini ana fatwa juu ya vyote.

Kwa sababu hiyo tumeona leo tueleze maisha ya Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wetu tunamjua kwa kitabu chake kikubwa, Ihyau Ulumid-Din. Wachache hutambua kwamba mtu huyu aliishi kwa kujipangia masomo yake mwenyewe, hatua baada ya hatua, na kwamba ndani ya Ihya hiyohiyo aliwaachia wanafunzi orodha ya vitabu, kila fani na kiwango chake, hata na ukubwa wa kitabu ukapimwa.

Alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, ambayo sehemu hiyo yake leo imo kaskazini mashariki ya Iran. Baba yake alikuwa fundi wa kusokota sufu, akiiuza dukani kwake. Hakuwa msomi, lakini inasimuliwa kuwa alipenda mno kuhudhuria darasa za mafakihi na mawaidha ya masheikh, na kila alipotoka huko alikuwa akilia na kumwomba Mola wake amruzuku mtoto fakihi na mtoto mwenye kuwaidhi watu. Mola alimjibu katika yote mawili: Muhammad akawa fakihi wa zama zake, na mdogo wake Ahmad akawa mmoja wa mawaidha mashuhuri. Baba mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Alipofikwa na mauti aliwakabidhi watoto wake wawili kwa rafiki yake, mtu mwema wa njia ya kisufi, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, akamuusia asibakishe kitu katika akiba ile ila akitumie kuwasomesha.

Akiba ile iliisha. Yule mlezi alikuwa fakiri, akawaambia wazi kwamba hana tena cha kuwapa, na akawashauri waingie madrasa, kwa kuwa wanafunzi wa madrasa walikuwa wakipewa chakula. Ghazali alikuja kukiri baadaye kuwa walianza kuitafuta elimu kwa ajili ya kitu kisichokuwa Mwenyezi Mungu, lakini elimu yenyewe ikakataa isipokuwa iwe ya Mwenyezi Mungu. Wazazi wenye kuona haya kwamba mtoto wao anaipenda madrasa kwa sababu ya uji wa asubuhi wasihuzunike sana. Huenda hapo ndipo pa kuanzia.

Alisoma fiqhi ya Imamu Shafi kwao Tus, kwa Sheikh Ahmad ar-Radhakani, kisha akasafiri hadi Jurjan, karibu na bahari ya Kaspi, akasoma huko na kuandika daftari nyingi za maelezo ya masheikh wake. Wakati wa kurejea nyumbani msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi. Walichukua kila kitu, pamoja na mfuko uliokuwa na daftari zile. Ghazali aliwafuata kwa miguu. Mkubwa wao alimgeukia akamwonya arudi, ama sivyo atauawa. Kijana akamsihi kwa jina la Mola amrudishie daftari tu, kwa kuwa hazina faida kwao. Mnyang'anyi akamuuliza daftari hizo ni kitu gani. Akaeleza kuwa ni elimu aliyoihamia na kuihangaikia. Yule mtu akacheka, akashangaa vipi mtu adai kuwa anaijua elimu ambayo akinyang'anywa mfuko anabaki hana elimu. Kisha akaamuru arudishiwe.

Ghazali aliyachukua maneno yale kuwa ni Mwenyezi Mungu aliyemtamkisha mwizi ili amwongoe yeye. Alipofika Tus alijifungia miaka mitatu, hasomi kipya, bali anayahifadhi yale yaliyokuwa ndani ya daftari, mpaka akafikia hali ambayo akiibiwa tena hapungukiwi na kitu. Huu ndio mpango wake wa kwanza wa masomo tunaoujua, na yafaa tuutazame vizuri. Kijana mwenye bidii kama yake angeona aibu kukaa miaka mitatu juu ya aliyokwisha kuyaandika, hali wenziwe wanasonga mbele. Siku hizi tungesema anapoteza muda.

Baada ya hapo ndipo alipokwenda Naisabur kusoma kwa Imamul-Haramain al-Juwaini, mwanachuoni mkubwa wa Shafi katika zama zile. Hapo alisoma fiqhi, misingi ya fiqhi, ilmul-kalam, mantiki na elimu ya mijadala. Alidumu naye hadi Imamu huyo alipofariki mwaka 478 Hijria, sawa na 1085. Kutoka hapo akajiunga na majlisi ya Nidhamul-Mulk, waziri mkuu wa dola ya Seljuk, akajadiliana na wanavyuoni waliokusanyika huko na akawashinda. Mwaka 484, sawa na 1091, akiwa na umri wa miaka thelathini na nne tu kwa hesabu ya Hijria, waziri alimteua kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Kwa wakati ule hapakuwa na kiti cha elimu kilichotazamwa kwa macho mengi zaidi ya kile.

Mtu aliyefikia cheo hicho kwa kawaida huacha kusoma. Hubaki akisomesha. Ghazali alianza upya. Anaeleza katika kitabu chake al-Munqidh minadh-Dhalal kwamba tangu ujana alikuwa na kiu ya kujua ukweli wa mambo kwa yakini, si kwa kufuata tu aliyoyakuta kwa wazee, na kwamba alipata kupita miezi miwili ya shaka nzito ambayo hakutolewa kwa hoja bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Alipopona akawagawa watafutaji wa haki wa zama zake makundi manne: watu wa ilmul-kalam, Batiniya waliodai kuwa elimu ya hakika hupatikana kwa imamu maasumu peke yake, wanafalsafa, na Masufi. Akasema haki haiwezi kutoka nje ya hawa wanne. Basi akaazimia kuyasoma makundi yote, moja baada ya jingine, kila moja kutoka katika vitabu vya wenyewe.

Alianza na ilmul-kalam, akazisoma kazi za wahakiki wake, yeye mwenyewe akaandika ndani yake. Aliiona ni elimu inayotimiza kusudio lake, ambalo ni kuilinda itikadi ya Sunna dhidi ya wazushi, lakini haitimizi kusudio lake yeye.

Kisha akaingia katika falsafa. Hapa ndipo utaratibu wake unapodhihiri zaidi. Aliona kwamba wanavyuoni wa Kiislamu waliotangulia kuijibu falsafa walijibu maneno ya vipande vipande, yenye kutatiza, ambayo hata mtu wa kawaida hawezi kudanganyika nayo. Akaweka kanuni: hawezi mtu kuujua ubovu wa elimu mpaka aifikie kiasi cha kulingana na mjuzi wake mkubwa, kisha amzidi. Basi akavikusanya vitabu vya wanafalsafa, hasa vya al-Farabi na Ibn Sina, ambao aliwaona kuwa ndio waliomfikisha Aristotle kwa Waislamu vizuri zaidi, akavisoma peke yake, bila mwalimu. Wakati huo alikuwa akiwasomesha wanafunzi mia tatu na kuandika katika elimu za sheria. Muda wa falsafa aliuiba katika nyakati zake za faragha. Kwa hali hiyo alizimaliza elimu zao katika muda usiofikia miaka miwili. Hakuanza kuandika papo hapo. Alikaa karibu mwaka mwingine akiyarudia akilini, akiyapindua na kuyachungua, mpaka hakubaki na shaka palipo na hadaa na palipo na kweli.

Matunda yake yalikuwa vitabu viwili. Cha kwanza, Maqasidul-Falasifa, alieleza madai ya wanafalsafa kama wanavyoyasema wenyewe, bila kuwajibu. Cha pili, Tahafutul-Falasifa, alichokikamilisha Muharram ya mwaka 488, yaani Januari 1095, aliwajibu katika masuala ishirini, na katika matatu kati ya hayo akawahukumu kuwa wametoka katika dini. Lakini hakutupa chote. Hisabati alisema haina jambo la kukanushwa, na kwamba Mwislamu mjinga anayedhani anainusuru dini kwa kukataa hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi anaidhuru dini kuliko adui yake. Asiyesoma kitabu mpaka mwisho hawezi kupambanua namna hiyo.

Ni lazima tutie neno hapa, kwa kuwa wapo vijana watakaochukua habari hii kuwa ni ruhusa. Ghazali alisoma falsafa bila mwalimu baada ya kuhitimu kwa Imamul-Haramain, akiwa tayari mwalimu wa walimu. Kijana ambaye hajasahihisha hata Sura al-Fatiha yake mbele ya sheikh hana haja ya kuanzia alipomalizia Ghazali.

Kundi la tatu alilolisoma lilikuwa Batiniya. Alikwisha kuanza kuyakusanya maandishi yao ilipomjia amri ya khalifa, al-Mustadhhir, ya kuandika kitabu cha kuwajibu. Alizipanga hoja zao vizuri mno kabla ya kuzijibu, hata baadhi ya watu wa haki wakamlaumu kwamba amewafanyia Batiniya kazi ambayo wenyewe wasingeiweza. Yeye mwenyewe anaitaja lawama hiyo na kuona ina upande wa ukweli, kisha anajitetea kuwa hoja ile ilikwisha kuenea, na jambo lililokwisha kuenea hakuna budi kujibiwa, tena kujibiwa kama lilivyo.

Likabaki kundi la nne. Alivisoma vitabu vya Masufi kama alivyovisoma vya wengine: Qutul-Qulub cha Abu Talib al-Makki, vitabu vya al-Harith al-Muhasibi, na maneno yaliyotawanyika yaliyopokewa kutoka kwa Junaid, Shibli na Abu Yazid al-Bistami. Kuvisoma kulikuwa kwepesi. Na hapo ndipo orodha yake ilipogonga ukuta. Alitambua kuwa lililo mahsusi kabisa katika njia yao halipatikani kwa kusoma, bali kwa kuonja na kubadilika sifa za nafsi. Tabibu mgonjwa, alisema, huenda akaijua maana ya afya, sababu zake na dawa zake, naye hana afya. Yeye alikuwa tabibu wa namna hiyo. Vitabu vya kusoma vilikwisha, kilichobaki kilikuwa ni kutenda.

Akaitazama hali yake. Akaona amezama katika mambo ya dunia yaliyomzunguka pande zote. Akaitazama kazi yake iliyo bora kuliko zote, kusomesha, akaona anaisomesha elimu isiyo na umuhimu katika safari ya Akhera. Akaitazama nia yake katika kusomesha, akaona si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kinachomsukuma ni kutafuta cheo na jina. Kuanzia Rajab ya mwaka 488 alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku. Siku moja anaazimia kuondoka Baghdad, siku ya pili azma inavunjika. Asubuhi ana hamu ya Akhera, jioni jeshi la matamanio limeishambulia. Mwisho ulimi wake ukafungika. Alikuwa akijitahidi kusomesha japo siku moja ili kuwafurahisha wanafunzi waliomjia, na neno halitoki. Huzuni ikaingia moyoni, chakula hakishuki, nguvu zikamwisha, hata matabibu wakakata tamaa wakasema ugonjwa huu umetoka moyoni na hauna dawa ila moyo upumzike.

Katika Dhulqaada, yaani Mfungo Pili, ya mwaka huohuo, sawa na Novemba 1095, aliondoka Baghdad. Aligawa mali aliyokuwa nayo, asibakishe ila kiasi cha kuwatosha watoto wake. Madrasa akamwachia nduguye Ahmad asomeshe mahali pake. Watu walisema mengi: wengine walidhani anawakimbia watawala, wengine wakasema ni jicho lililoupata Uislamu na kundi la wanavyuoni. Alikwenda Sham, akakaa karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti wa Damascus na kujifungia humo mchana kutwa. Kisha Baitul-Maqdis, kisha al-Khalil, kisha Hijja na ziara ya Madina. Baadaye dua za watoto wake zikamvuta arudi nyumbani, naye akarudi baada ya kuwa mtu wa mwisho kufikiriwa kuwa angerudi. Muda wote wa kujitenga, kwa hesabu yake, ulikuwa miaka kumi na mmoja.

Ndani ya miaka hiyo ndipo ilipoandikwa Ihya, vitabu arubaini katika robo nne, na kitabu chake cha kwanza kabisa ni Kitabu cha Elimu. Humo yumo mtu aliyesoma kupita kiasi akiwaandikia wanaotaka kusoma. Anataja kazi kumi za mwanafunzi. Ya kwanza ni kuitakasa nafsi na tabia mbaya kabla ya kitabu. Ya nne, ambayo laiti ingeandikwa juu ya mlango wa kila msikiti wetu, ni kwamba anayeanza asiyasikilize mabishano na hitilafu za watu, kwa sababu yanaishangaza akili yake na kumkatisha tamaa ya kufikia ujuzi. Ya sita ni kwamba asiivamie fani kwa mkupuo, bali afuate utaratibu na aanze na lililo muhimu zaidi. Ya saba, asiingie fani nyingine mpaka aikamilishe iliyo kabla yake, kwa kuwa elimu zimepangika, moja ni njia ya nyingine.

Kisha, katika kitabu hichohicho, anatoa orodha. Baada ya yale yaliyo faradhi kwa kila Mwislamu, anamtaka mwenye nafasi aanze na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, kisha Sunna ya Mtume wake, kisha tafsiri na elimu nyingine za Qur'ani, kisha fiqhi ya madhehebu bila ya hitilafu, kisha misingi ya fiqhi, na kadhalika kwa kadiri umri utakavyoruhusu. Akaonya kwamba mtu asiuzamishe umri wake wote katika fani moja akitaka kuimaliza, kwa kuwa elimu ni nyingi na umri ni mfupi. Kwa kila fani akaweka viwango vitatu: cha kufupisha, cha wastani, na cha kutanua hadi mwisho.

Katika tafsiri, kiwango cha kwanza ni kitabu chenye ukubwa mara mbili ya Qur'ani, akataja al-Wajiz cha al-Wahidi wa Naisabur, aliyefariki mwaka 468 Hijria. Cha pili ni mara tatu ya Qur'ani, nacho ni al-Wasit cha huyohuyo. Zaidi ya hapo, alisema, si lazima, tena hakuna mwisho wake hadi umri uishe. Katika hadithi, kiwango cha kwanza ni Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwa nakala iliyosahihishwa mbele ya mtu mjuzi. Hakumtaka mwanafunzi azihifadhi neno kwa neno. Alimtaka azijue kiasi cha kuweza kulipata analolihitaji anapolihitaji. Katika fiqhi aliutaja Mukhtasari wa al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafi, ambao yeye aliupanga katika kitabu kidogo. Wastani ni al-Wasit yake mwenyewe, na kutanua ni al-Basit yake. Katika itikadi, wastani ni karatasi mia moja, basi.

Jambo hilo la kupima kwa karatasi ni la hekima kubwa. Mtu akijua kuwa kitabu hiki ni mara mbili ya Msahafu, na Msahafu anaukhitimu kwa mwezi, anaweza kujua akimalize lini. Orodha isiyo na kipimo ni matamanio tu. Na wasomaji wa mwambao wetu wasidhani habari hii iko mbali nao. Imamu Rafii aliisherehesha al-Wajiz ya Ghazali katika fiqhi, akaandika na al-Muharrar. Imamu Nawawi akaufupisha al-Muharrar ukawa Minhajut-Talibin, kitabu ambacho wanafunzi wa Lamu na Unguja wamekisoma vizazi kwa vizazi. Hata ngazi wanayopanda watoto wetu, kuanzia Safina, kwenda Risalatul-Jamia, mpaka siku moja Minhaj, ni mpango wa namna ileile, kidogo kwanza, kisha cha wastani. Tatizo ni kwamba wengi tulioanza Safina tuliishia hapo, tukahamia kwenye mabishano.

Wakati wa kusoma nao ameupanga, katika kitabu cha nyiradi ndani ya Ihya. Mwanachuoni, kwa maoni yake, baada ya Alfajiri hadi kuchomoza jua awe katika dhikri. Kuanzia hapo hadi jua kupanda asomeshe, au atafakari masuala magumu akili ikiwa bado haijachafuliwa na mambo ya dunia. Kuanzia hapo hadi Alasiri ndio wakati wa kusoma na kuandika, usikatwe ila kwa kula, tohara, sala na usingizi mwepesi wa mchana siku zikiwa ndefu. Baada ya Alasiri aache kusoma, asikilize wengine wakimsomea tafsiri au hadithi, kwa sababu kusoma na kuandika baada ya Alasiri huenda kukadhuru macho. Usiku akapendekeza mgao wa Imamu Shafi: theluthi ya kwanza kwa kusoma, ya kati kwa sala, ya mwisho kwa kulala. Naye akatambua kuwa mgao huo unawezekana usiku mrefu wa kipupwe, na kiangazi huenda mwili usiustahimili ila kwa aliyelala mchana. Ukimsoma hapa unamwona mtu aliyejaribu, si mtu aliyewapangia wengine.

Si kwamba kila mwanachuoni aliridhika naye. Huko Andalusia, chini ya utawala wa Murabitina, Ihya ilichomwa moto mwaka 503 Hijria, naye Ghazali angali hai. Mwanafunzi wake Abu Bakr Ibnul-Arabi alimlaumu kuwa aliingia ndani ya falsafa na akashindwa kutoka. Imamu Ibnul-Jauzi aliifupisha Ihya na kuziondoa hadithi alizoziona kuwa hazithibiti, na baadaye al-Hafidh al-Iraqi akazifuatilia hadithi zake moja moja akibainisha sahihi na dhaifu. Lawama hii ya hadithi ni ya haki. Ghazali mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba bidhaa yake katika elimu hiyo ilikuwa chache. Kile kitabu alichokuwa amewaandikia wengine kuwa ni kiwango cha kwanza cha hadithi, yeye hakuwa amekisoma kwa njia wanayoikubali wenye fani.

Mwaka 499, sawa na 1106, alikubali kurudi kusomesha Naisabur kwa shinikizo la waziri Fakhrul-Mulk, mtoto wa Nidhamul-Mulk. Alisema anarudi kwenye kazi ileile kwa nia nyingine. Haikuwa kwa muda mrefu. Alirejea Tus, akajenga pembeni mwa nyumba yake madrasa ya wanafunzi na zawiya ya Masufi, akazigawa saa zake baina ya kukhitimisha Qur'ani, kukaa na watu wa nyoyo, na kusomesha, asiwe na dakika moja isiyo na faida kwake wala kwa waliokuwa pamoja naye. Katika miaka hiyo alimwandikia barua mwanafunzi wake mmoja wa zamani, aliyekuwa amesoma fani nyingi na sasa anauliza ni ipi kati yake itakayomfaa kaburini. Barua hiyo ndiyo inayojulikana kwa jina la Ayyuhal-Walad. Alimkumbusha usiku mwingi aliokesha akirudia darasa na kusoma vitabu, akamuuliza nia ilikuwa nini.

Na ndipo, akiwa na miaka hamsini na kitu, mtu aliyeitwa Hujjatul-Islam alipokaa kama mwanafunzi mbele ya wenye hadithi. Abdul-Ghafir al-Farisi, aliyemjua na kumzuru, ameandika kwamba mwisho wa jambo lake ulikuwa kuielekea hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kukaa na watu wake, na kuzisoma Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Imepokewa pia kuwa alimkaribisha Tus al-Hafidh Umar ar-Rawasi na kuzisikia kutoka kwake. Al-Farisi aliona kwamba lau angeliishi angeliwapita wote katika fani hiyo kwa muda mchache, lakini hakupata nafasi ya kupokewa hadithi kutoka kwake. Wapo wanaosimulia kuwa alifariki Bukhari ikiwa kifuani mwake. Ushahidi wa al-Farisi unatutosha.

Alifariki Tus siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal-Akhira, Mfungo Tisa, mwaka 505, sawa na 18 Desemba 1111, akaacha mabinti. Nduguye Ahmad amesimulia kwamba alfajiri ya siku hiyo alitawadha, akasali, kisha akaagiza aletewe sanda yake. Akaipokea, akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akasema kuwa amesikia na ametii kuingia kwa Mfalme. Akanyoosha miguu yake, akaelekea kibla, na kabla jua halijatoka alikuwa amekwisha kufariki.